Usiliite Tanzanaiti Kabla ya Kulipima

Visiwa vyetu havina mgodi wa vito hata mmoja. Chini ya miguu yetu Unguja kuna matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba, kuna mchanga, kuna udongo mwekundu uliojaa kwenye mianya ya mawe. Pemba ina vilima vya mchanga na udongo, na mawe ya chokaa pembeni. Miamba iliyopikwa kwa joto na mgandamizo ndani kabisa ya ardhi, kama ile ya Simanjiro, Mahenge au bonde la Umba, huku hatunayo juu ya ardhi. Fuwele tunazoweza kuziita zetu ni chembe za kwatsi, madini magumu yanayong'aa kama kioo, zilizomo mchangani, na kalsaiti, yaani fuwele ya chokaa, inayojijenga tone kwa tone ndani ya mapango.

Kwa hiyo kila jiwe gumu lenye rangi linalong'aa kwenye vioo vya maduka ya Mji Mkongwe limekuja na mtu. Limepanda boti kutoka Dar es Salaam, au limeshuka na ndege kutoka Jaipur au Bangkok, au lilikuja jahazini enzi za mababu. Na kila lililokuja na mtu limekuja na maneno ya mtu huyo. Muuzaji wa kwanza alimwambia wa pili, wa pili akamwambia wa tatu, hadi likafika mkononi mwako likiwa na jina ambalo pengine hakuna aliyewahi kulihakiki.

Mimi ni fundi wa fedha. Natengeneza na kukarabati pete, bangili na vidani, na watu huniletea mawe kuliko wanavyoniletea fedha. Swali ni lile lile: hili ni jiwe gani? Nimeamua kuandika namna ninavyolijibu, kwa sababu naamini mtu yeyote mwenye subira anaweza kufika mbali kwa vitu vya nyumbani. Jambo moja nalishikilia kuliko mengine yote: anza na kipimo kisichoacha alama, na usitoe jina kwa kipimo kimoja. Jiwe linaweza kufanana na jingine kwa rangi, au kwa ugumu, au kwa uzito. Kufanana kwa yote matatu ni nadra.

Osha kwanza. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini. Mafuta ya nazi na jasho la miaka mingi hufunika mengi. Ila lulu, marijani, feruzi na sandarusi usizitose majini, pangusa tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Kisha lenzi ya sonara, ile inayokuza mara kumi. Wengi huishika mbali na uso, na hawaoni kitu. Iweke karibu kabisa na jicho, viwiko viegemee mezani, halafu lisogeze jiwe taratibu mpaka liwe wazi. Ukiona viputo vya duara, hicho karibu kila mara ni kioo. Ukiona mistari inayojipinda ndani kama sukari inayoyeyuka kwenye chai, hicho pia ni kioo. Tazama na kingo za pande zilizochongwa. Kwenye kioo kilichovaliwa muda mrefu kingo hulika na kuwa butu, na huchubuka hapa na pale, ilhali yakuti ya miaka mingi bado kingo zake ni kali. Mawe ya ardhini aghalabu yana kitu ndani: vijisindano, nyufa zilizojifunga zenye sura ya unyoya, matabaka ya rangi yaliyonyooka. Jiwe kubwa, safi kabisa na la bei ndogo ndilo ninalolikalia muda mrefu zaidi.

Wazee wa kazi hii huligusisha jiwe mdomoni. Fuwele nyingi huwa baridi kuliko kioo, na kioo huwa baridi kuliko plastiki. Ni kweli, ila kwa joto letu, na jiwe likiwa limetoka mfukoni mwa mtu, ichukulie kuwa dokezo na uendelee.

Sasa nije kwenye tanzanaiti, kwani ndiyo inayoulizwa zaidi. Kwa asili yake ni madini yaitwayo zoisaiti, yaliyopata rangi kwa chembechembe za metali ya vanadi. Ilijulikana mwaka 1967 huko Mererani, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina linalotumika hadi leo. Sehemu kubwa ya mawe hayo hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia, kisha huchomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi mia kadhaa hadi buluu ijitokeze. Uchomaji huo ni wa kawaida na mtu haoni aibu kuusema.

Alama yake kubwa ni kubadilika rangi kwa upande. Ligeuze polepole mbele ya dirisha: upande huu ni buluu, upande ule ni zambarau. Kioo cha buluu ni buluu popote utakapokigeuzia. Kama tofauti ni ndogo na huna uhakika, fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta mpakato ya kioo cha kawaida cha LCD, shika jiwe mbele yake na ulizungushe. Mwanga wa kioo hicho hutoka ukiwa umepangwa mwelekeo mmoja, kwa hiyo jiwe la rangi mbili hukuonyesha moja, kisha nyingine. Ukiongeza miwani ya jua ya kuzuia mng'ao, ile wanayovaa wavuvi ili waone chini ya maji, utapata kipimo kingine. Geuza miwani mpaka kioo cha kompyuta kiwe cheusi, halafu weka jiwe katikati na ulizungushe. Kwatsi, tanzanaiti na yakuti huwaka na kuzima mara kadhaa katika mzunguko mmoja. Kioo cha chupa, garneti na spineli hubaki giza. Mara moja moja kioo kilichopozwa vibaya huonyesha mawingu ya mwanga yasiyo na mpango, hivyo usikimbilie kutoa hukumu.

Mama mmoja mtu mzima wa Malindi aliniletea jiwe la buluu alilozawadiwa na mwanawe.

"Mwanangu, nitazamie hii. Nimeambiwa tanzanaiti, na nataka nimtilie mkwe wangu kwenye pete."

"Inshaallah, mama. Niachie niipime kwanza, nisije nikakwambia kwa macho tu."

Lilikuwa zuri. Lilibadilika rangi vizuri, buluu huku, zambarau ya kupauka pale. Halikuwa na kiputo. Liliwaka na kuzima kwenye miwani. Mtu angesimama hapo na kusema ndilo. Lakini bado sijalipima majini, na kipimo hicho nakipenda kuliko vyote. Ni rahisi, hakiumizi jiwe, na kinatoa namba ambayo maneno ya muuzaji hayawezi kuisogeza.

Kinachohitajika ni mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kikombe chepesi cha plastiki na kipande cha mshipi mwembamba wa kuvulia. Pima jiwe likiwa kavu, andika. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga jiwe kwa mshipi, ulishushe majini mpaka lizame lote, lakini lisiguse chini wala ukingo. Mizani itasoma namba fulani. Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe, na kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya maji ina karibu gramu moja, ndiyo ujazo wa jiwe lako. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo, upate jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo ule ule; huo ndio uzito ninaoulinganisha hapa chini. Ni kanuni ile ile ya Archimedes tuliyoisoma skuli.

Jiwe la yule mama lilikuwa na gramu 1.61 likiwa kavu, na majini mizani ikasoma 0.50. Jibu ni 3.22. Tanzanaiti huwa karibu na 3.35. Kioo cha kawaida kingekuwa karibu na 2.5, kwa hiyo kioo cha kawaida hakikuwemo tena katika mashaka. Nilirudia, nikabadilisha maji, nikapata kule kule. Hata mizani ikikosea sehemu moja ya mia, jibu haliwezi kufika 3.35. Nikarudi kwenye lenzi, safari hii nikitazama kupitia uso wa juu wa jiwe hadi kwenye kingo za chini. Kila ukingo ulionekana kama mistari miwili. Tanzanaiti haigawi mwanga kwa kiasi hicho. Kuna kitu kinachoitwa forsteraiti, ndugu wa madini ya olivini, ambacho hukuzwa maabara na kutiwa kobalti ili kiigize tanzanaiti. Uzito wake ni karibu 3.2, na hugawa mwanga kwa nguvu. Vipimo vyote vikakutana hapo.

Nilimweleza yule mama kila nilichokiona, nikampa karatasi yenye namba, na nikamshauri alipeleke kwenye maabara kabla ya kuamua lolote. Sikumwambia mwanawe alidanganywa, kwa sababu huenda aliyemuuzia naye alidanganywa kabla yake.

Namba zinazofaa kuzikariri si nyingi. Plastiki ni kati ya 1 na 1.5 hivi. Kwatsi na jamaa zake, yaani amethisti na akiki, ni karibu na 2.65. Kalsaiti ni 2.71, na zumaridi ni 2.7 na kidogo. Turmalini ni 3.1 hivi. Almasi ni 3.52, topazi iko jirani yake, spineli ni 3.6. Garneti hucheza kati ya 3.6 na 4.2 kutegemea aina. Yakuti, nyekundu kwa buluu, ni 4.0. Zirkonia, ile inayouzwa mahali pa almasi, inazidi 5.5, na huhitaji hata mizani kuihisi ukiishika kando ya almasi ya ukubwa ule ule. Kioo ndicho kisichotabirika, kwani bilauri yenye madini ya risasi inaweza kupita 4.

Viputo vya hewa vikigandia jiwe huongeza ujazo, na jiwe litaonekana jepesi kuliko lilivyo. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, tia tone la sabuni, na ligonge jiwe kidogo likiwa ndani. Jiwe dogo pia lina shida yake. Kwatsi ya gramu 0.40 husukuma maji ya gramu 0.15 tu, na kosa la sehemu moja ya mia litakupeleka popote kati ya 2.5 na karibu 2.9, yaani kioo, kwatsi na zumaridi kwa pamoja. Chini ya nusu gramu siamini namba za mizani yangu. Na jiwe lililokwisha pachikwa kwenye pete halipimwi hivi mpaka litolewe. Mwenye pete akikataa lisitolewe, basi nabaki na lenzi na mwanga tu, na namwambia hivyo.

Vijana huniletea fuwele nyeupe kutoka mapangoni wakisema ni almasi au bilauri ya asili, yaani kwatsi safi. Hapa jikoni kunatosha. Kwangua unga kidogo kwa kisu mahali pasipoonekana, dondoshea siki au maji ya ndimu. Unga ukitoa viputo vidogo vidogo, ni kalsaiti. Kisu tu kimeshakupa nusu ya jibu, kwa sababu kwatsi haikubali kukwanguliwa na kisu. Kalsaiti safi ukiiweka juu ya gazeti, kila herufi utaiona mara mbili, na ikivunjika hutoa vipande vyenye sura ya kisanduku kilicholala upande. Kwatsi ina umbo la nguzo ya pande sita yenye ncha, mistari myembamba hukata pande zake kwa mlalo, na ikivunjika huvunjika kama chupa. Ukitaka kujizoeza kabla, chukua kipande cha jiwe la ukuta mkongwe kilichoanguka chenyewe, au mchanga mweupe wa Paje. Vyote vitachemka, maana ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Mchanga wenye chembe za kwatsi utakaa kimya. Siki na ndimu visisogee karibu na lulu wala marijani, kwani nazo ni chokaa ile ile. Na nawaomba sana hao vijana waache kuvunja vidole vya chokaa mapangoni. Havina bei sokoni, na kimoja kimejengwa kwa matone ya vizazi na vizazi.

Ugumu nauweka mwisho kwa makusudi, ijapokuwa ndio unaojulikana zaidi mitaani. Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kumi mwaka 1812 kwa kuangalia lipi linakwaruza lipi: talki, jasi, kalsaiti, floraiti, apataiti, felspa, kwatsi, topazi, korandamu ambayo ndiyo yakuti, na almasi. Ukucha wako ni kama 2 na nusu. Kisu cha kawaida na kioo cha dirisha ni kama 5 na nusu. Tupa ni 6 na nusu hivi. Maelezo tunayoyasikia kila siku, kwamba jiwe limekata kioo kwa hiyo ni almasi, hayana msingi wowote. Kwatsi ya barabarani hukata kioo, na yote yaliyo juu yake pia.

Kama ni lazima, usilikwaruze jiwe la mtu. Chukua kioo kibovu na upitishe juu yake ukingo wa chini wa jiwe, mara moja, kwa nguvu ndogo. Pangusa kwa kidole chenye maji, kisha papasa kwa ukucha. Alama ikifutika ilikuwa unga wa jiwe lenyewe, maana yake jiwe ndilo lililolika. Ukucha ukinasa, kioo kimekatwa. Jiwe lililochongwa mimi silifanyii hivi kabisa. Tena ugumu wa kukwaruzika ni mbali na uimara wa kuvunjika. Almasi hupasuka kwa nyundo. Tanzanaiti, yenye ugumu wa 6 na nusu hivi, ina njia moja ya kupasukia iliyo laini mno, na pigo moja la pete kwenye ukingo wa sinki linatosha. Mtu anayeijaribu tanzanaiti kwa kuigonga au kuikwaruza anaiharibu akitafuta kuijua.

Bangili za mawe ya rangi ya chuma zinazouzwa kama hemataiti nitazitaja kwa ufupi. Sugua moja nyuma ya kigae, upande usio na rangi. Hemataiti ya kweli huacha mstari wa kahawia yenye wekundu. Zikirukia sumaku kwa nguvu au kushikana zenyewe kwa zenyewe, zimetengenezwa kiwandani.

Akiki zina mapenzi ya pekee hapa kwetu, na pete ya babu yenye akiki nyekundu huwa haiuzwi hata nyumba ikiwa na shida. Shanga za akiki zilivuka bahari kutoka Khambhat, Gujarat, karne nyingi kabla ya maduka ya leo, na wachongaji wa kule walikuwa wakizichoma ili wekundu uive. Kuigiza akiki kwa kioo chekundu ni rahisi, ila ukiielekeza kwenye jua huku ukitumia lenzi, akiki ina mawingu na aghalabu matabaka, na haina viputo. Uzito wake unakaa kwenye 2.6. Rangi ikiwa imerundikana kwenye nyufa na kwenye tundu la ushanga, jiwe linaweza kuwa akiki halisi iliyotiwa rangi.

Sandarusi nayo ni yetu kabisa, ingawa si jiwe. Ni utomvu wa mti wa msandarusi. Karne ya 19 ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za soko la Unguja, ikichimbwa sana kwenye mchanga wa pwani ya bara na kupelekwa Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Ile ya kuchimbwa huwa na ngozi yenye vipele vidogo vidogo ikishaoshwa, na alama hiyo ikionekana huwa nafurahi kweli. Tatizo ni kwamba tasbihi nyingi huitwa kaharabu, yaani utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa kama jiwe, nazo ni sandarusi au plastiki tu. Yeyusha chumvi kiasi cha gramu 35 katika mililita 100 za maji, utumbukize punje. Kaharabu na sandarusi huelea, plastiki nyingi nzito huzama. Zilizoelea, dondoshea moja tone la asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, mahali pa siri karibu na tundu, usubiri kidogo. Sandarusi huanza kunata. Kaharabu ya mamilioni ya miaka haijali. Kuna plastiki nyepesi inayoelea pia, nayo huyeyuka kwa asetoni, kwa hiyo hapo irudie lenzi utafute mshono wa kalibu. Kusugua kwa sufi na kuokota vipande vya karatasi ni jambo zuri kuwaonyesha watoto, lakini plastiki nayo huokota.

Kuna mahali vipimo hivi vinagota. Jiwe la maabara lenye madini yale yale litakuwa na uzito ule ule na ugumu ule ule. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kuyeyusha unga kwa moto na kukuza yakuti nyekundu, na tangu hapo yakuti hizo zimo kwenye pete za dunia nzima, zikiwemo pete za bibi zetu. Uzito 4.0, ugumu 9, yote sawasawa. Lenzi pekee inaweza kukusaidia, ukiona mistari ya rangi iliyopinda kwa upole pamoja na viputo, kwani fuwele ya ardhini hukua kwa mistari iliyonyooka. Usipoiona, bado hujathibitisha kitu. Iwapo jiwe lilichomwa au la, nalo sina kifaa cha kujua. Mawe ya namna hiyo nashauri yapelekwe Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichoko Arusha, au kwenye maabara nyingine yenye vyombo.

Ukiyasafirisha, funga kila jiwe kwenye karatasi yake na uandike juu yake uzito mkavu kabla halijatoka mkononi mwako, ili ulipime tena likirudi. Usiyatie yote kwenye mfuko mmoja. Yakuti itaikwaruza tanzanaiti kabla boti haijafika Dar es Salaam.